Tumbo Linauma na Una Mimba: Linauma Wapi, Tangu Lini, na Kuna Nini Kingine?

Mjamzito akisema tumbo linamuuma, hakosi majibu. Mama mkwe atasema ni chango, achemshiwe mizizi. Jirani atasema mtoto anageuka, avumilie. Kwenye duka la dawa ataambiwa ni UTI, na ataondoka na vidonge bila mkojo wake kupimwa. Yeyote kati yao anaweza kubahatisha akapatia, lakini kubahatisha si jambo la kufanyia mimba. Ndani ya tumbo hilo mna utumbo, kibofu, figo, ini, nyongo, mji wa mimba, kondo la nyuma na mtoto, na kila kimoja kina namna yake ya kuuma.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili, kwa kuwa dalili ndiyo unayoijua wewe. Shika jambo moja unaposoma: maumivu ya kawaida ya ujauzito hutii. Ukibadilisha mkao yanapungua, ukipata choo yanaisha, ukinywa maji na kulala ubavu yanatulia. Yasiyotii chochote, au yanayoongezeka kila saa, yapeleke kituo cha afya hata kama hujui jina lake.

Kwanza, yasiyosubiri

Ukiona lolote kati ya haya, usianze kujipima kwa kusoma, ondoka nyumbani: damu ukeni, hata kama ni kidogo, maji kukutoka ukeni kabla ya wakati, maumivu makali ya upande mmoja mimba ikiwa changa, kizunguzungu au kuzimia pamoja na maumivu, tumbo kukaza lisilegee, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, au uso na mikono kuvimba, degedege, homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutapika mpaka maji hayakai tumboni, au mtoto kupunguza kucheza. Usisubiri zitimie mbili. Moja inatosha, na ikiwa ni usiku, nenda usiku huohuo.

Mimba changa, maumivu chini ya kitovu

Wiki za mwanzo wengi husikia maumivu mepesi yanayofanana na ya hedhi. Mji wa mimba unaanza kutanuka na damu nyingi zaidi inaelekea huko. Kama ni mepesi, yanakuja na kuondoka, na hakuna damu, pumzika na uwahi kliniki mapema badala ya kungoja tumbo lionekane.

Kinachotisha hapa ni mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, mara nyingi kwenye mrija. Hutokea kwa mimba moja au mbili katika kila 100, na huwa inajitokeza kati ya wiki ya 5 na ya 12, wakati mwingine kabla mwenyewe hajajua kwamba ana mimba. Maumivu hukaa upande mmoja. Damu inayotoka inaweza kuwa kidogo tu, nyeusi au ya hudhurungi, kwa sababu nyingi inamwagikia ndani ya tumbo ambako huioni. Damu hiyo ikifika chini ya kiwambo cha kupumulia, bega huanza kuuma. Mwanamke mwenye mimba changa, tumbo linauma upande mmoja na bega linauma, mara nyingine akiwa na kizunguzungu akisimama: huyo anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji, na anahitaji sasa hivi.

Kipimo cha mkojo chenye mistari miwili kinakuambia una mimba. Hakikuambii imekaa wapi. Hilo linaonekana kwa ultrasaundi. Ukiwa umewahi kuugua maambukizi ya via vya uzazi, kufanyiwa upasuaji wa mirija, au kupata mimba ya nje siku za nyuma, mwambie mhudumu siku ya kwanza kabisa, hata kama hakuna kinachokuuma.

Damu ikitoka pamoja na tumbo kusokota, huenda mimba inataka kuharibika. Nenda ukapimwe. Na kama imeharibika, sikiliza, dada: sehemu kubwa ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo hutoka kwa sababu chembe za urithi za mtoto hazikujipanga sawasawa tangu mwanzo. Haikuwa ndoo uliyobeba juzi. Haikuwa ugomvi na mumeo wala jicho la mtu.

Kichomi cha ghafla kinenani au pembeni ya tumbo

Umejigeuza kitandani, umepiga chafya, au umeinuka haraka kutoka kwenye mkeka, na kitu kimekuchoma kinenani hadi umeshika tumbo. Sekunde chache baadaye kimepita. Mara nyingi ni upande wa kulia, na mara nyingi ni kuanzia mwezi wa nne.

Hizo ni kano mbili zinazoshikilia mji wa mimba, moja kila upande, zikishuka mpaka kinenani. Mji wa mimba unavyokua zinavutika, na ukizishtua zinauma. Mtoto hadhuriki. Dawa yake ni mwendo tu. Ukitaka kuamka, jigeuze kwanza ulale ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono mpaka ukae. Usinyanyuke moja kwa moja kutoka chali. Ukihisi chafya inakuja, kunja magoti na uiname kidogo mbele.

Kanga pia inasaidia, ikifungwa inavyopaswa. Ikunje kwa urefu ibaki na upana wa kiganja kimoja na nusu, ipitishe chini ya tumbo, pale tumbo linapokutana na mapaja, kisha ifungwe nyuma au pembeni ya nyonga. Kazi yake ni kubeba tumbo kutoka chini. Ikipita juu ya tumbo na kulibana haisaidii kitu. Mkono uweze kupita kati ya kanga na ngozi, na ifunguliwe ukilala.

Na maji ya bombani? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na uzito wa ndoo yenyewe juu. Kama hakuna wa kukuchotea, tumia madumu ya lita 5, moja kila mkono, na urudi mara nyingine. Waume wanaosoma hapa, kazi hii ni yenu.

Wapo wanaoumwa mfupa wa mbele wa nyonga, hasa wakipanda ngazi, wakipanda bodaboda au wakisimama kwa mguu mmoja. Vaa nguo ya ndani ukiwa umekaa, bana magoti pamoja unapojigeuza, na lala na mto katikati ya mapaja.

Tumbo limejaa, linasokota, choo hakitoki

Hili ndilo chanzo cha maumivu mengi kuliko watu wanavyodhani. Homoni ya ujauzito inalegeza utumbo, chakula kinatembea polepole, maji yake yanafyonzwa zaidi, na choo kinakuwa kigumu. Ongeza juu yake vidonge vya madini ya chuma vya kliniki, na kwa wengi ongeza udongo.

Tuseme wazi kuhusu udongo, maana wengi wanaula kwa kificho. Pemba, au odowa kama wanavyoiita Wakenya wengi, hufunga choo, huzuia madini ya chuma kufyonzwa, na inaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi. Hamu yake mara nyingi huendana na upungufu wa damu. Basi usione haya: mwambie muuguzi, upimwe damu. Damu ikipanda, wengi huona hamu yenyewe inapungua.

Kunywa maji lita 2 hadi 3 kwa siku, zaidi kama unaishi kwenye joto. Kula ugali wa dona badala ya sembe siku unazoweza, mchicha, matembele, machungwa na papai bivu. Ndiyo, papai bivu. Lililo na utomvu ni papai bichi, hilo liache. Maharage yakikujaza gesi, yaloweke usiku, mwaga maji ya kulowekea, pika kwa maji mapya. Tembea kidogo jioni, na choo kikikuita usikiahirishe.

Vidonge vya chuma usivitupe. Vimeze usiku baada ya kula, na juisi ya chungwa au ukwaju, mbali na chai. Choo kuwa cheusi ukivitumia ni kawaida. Vikikushinda kabisa, vipeleke kliniki waangalie aina au dozi nyingine. Sanamaki na mafuta ya nyonyo usiguse. Mafuta hayo yanaweza kuamsha uchungu. Kuna dawa za kulainisha choo zinazofaa wajawazito, na mhudumu atakupa.

Chembe cha moyo: kiungulia, au kitu kingine?

Hapa naomba usome polepole.

Maumivu ya juu ya tumbo, chini ya kifua, kwa wajawazito wengi ni kiungulia. Kinachoma, kinapanda kooni na ladha ya uchachu, kinazidi baada ya kula na unapolala. Kizibo cha juu ya tumbo la chakula kimelegea na mtoto anasukuma kutoka chini. Kula kidogo mara nyingi, acha kupita saa 2 au 3 kati ya chakula cha usiku na kulala, inua kichwa cha kitanda, punguza pilipili, vya kukaanga, chai na kahawa. Dawa za kupunguza asidi zipo nyingi na nyingi zinafaa. Omba ushauri, na ziache mbali na kidonge cha chuma kwa angalau saa 2. Magadi ya kulamba au kukoroga kwenye maji usitumie. Yana chumvi nyingi, na shinikizo la damu halihitaji msaada huo.

Sasa mahali hapohapo panaweza kuuma kwa sababu ya kifafa cha mimba. Baada ya wiki ya 20 shinikizo la damu linaweza kupanda, figo zikaanza kupitisha protini kwenye mkojo, na ini likavimba ndani ya ngozi yake. Ini lililovimba linauma chini ya mbavu za kulia au katikati, palepale mama anapopaita chembe cha moyo. Anasema "kiungulia kimezidi leo". Anatumwa mtoto dukani kuleta dawa ya asidi. Anakunywa, analala, na usiku anapata degedege.

Namna ya kutofautisha: kiungulia kinachoma na kupanda juu, kinafuata chakula, na kinapungua ukikaa wima au ukinywa maziwa. Maumivu ya ini yanakaa mahali pamoja, yanabana, hayajali umekula au hujala, hayajali umekaa au umelala. Mara nyingi kuna kichwa kisichosikia parasetamoli, macho kuona vimulimuli au ukungu, kichefuchefu kipya kilichoanza mimba ikiwa kubwa, pete isiyotoka kidoleni, uso ulioumuka asubuhi. Lakini wapo wasiovimba kabisa. Kwa hiyo kama mimba imepita wiki 20 na chembe cha moyo kinauma kwa namna mpya, usikisie: kapimwe shinikizo la damu na mkojo siku hiyohiyo. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, hapo mhudumu ana kazi ya kufanya. Hospitali ina sindano ya magnesiamu salfeti inayozuia degedege, na ina dawa za kushusha shinikizo. Dukani havipo.

Hatari hii haikomi mtoto akizaliwa. Katika wiki za kwanza baada ya kujifungua, kichwa na chembe cha moyo vikiuma, rudi.

Chini ya kitovu, na mkojo unaunguza

Kukojoa mara kwa mara peke yake ni ujauzito. Mkojo unaounguza, wenye harufu kali au mawingu, unaotoka kidogokidogo huku chini ya kitovu panauma, huo unafanana na maambukizi. Yakipanda kwenye figo utaumwa mgongo upande mmoja chini ya mbavu, utapata homa na kutetemeka, na mimba inaweza kuingia uchungu kabla ya wakati. Hiyo ni ya kulazwa.

Pima mkojo kwanza. Katika dawa zinazouzwa hovyo kwa jina la UTI zipo zisizomfaa mjamzito, kama siprofloksasini na doksisaiklini. Neno la kwanza kabla ya kutaja shida yako dukani liwe: "Nina mimba." Ukipewa dozi, imalize hata kama maumivu yameisha siku ya pili.

Tumbo linakaza na kuachia

Mimba ikikua, tumbo huanza kukaza lenyewe, linakuwa gumu chini ya mkono, kisha linalegea. Wengi wanauita uchungu wa uongo. Unakuja bila mpangilio, mara nyingi jioni baada ya kutembea juani, ukiwa na kiu, kibofu kimejaa, au baada ya tendo la ndoa.

Jaribu hivi. Nenda ukojoe. Kunywa maji glasi mbili. Lala ubavu wa kushoto, weka kiganja juu ya tumbo, na uhesabu kwa saa moja linakaza mara ngapi. Uchungu wa uongo hutulia. Wa kweli unaongezeka nguvu, unakaribiana, mara nyingi unaanzia mgongoni na kuzunguka mbele, na hausikii maji wala kulala.

Kama hujafika wiki 37 na tumbo limekaza mara 4 au zaidi ndani ya saa hiyo, au mgongo unauma kwa mawimbi, au unahisi uzito unasukuma chini, au ute umebadilika ukawa wa majimaji au wenye damu, nenda. Watu wengi huchelewa hapa kwa kuona aibu ya kurudishwa nyumbani. Kurudishwa nyumbani ni jibu zuri. Ukiwahi, mimba ikiwa bado haijafika wiki 34, hospitali inaweza kukupa sindano zinazokomaza mapafu ya mtoto. Zinahitaji muda kufanya kazi, na muda huo unapotea ukiwa nyumbani unasubiri kupambazuke.

Limekaza na haliachii

Tumbo likiwa gumu kama ubao, linauma mfululizo, hata kama damu haionekani, kondo la nyuma linaweza kuwa limeanza kuachia kabla ya mtoto kuzaliwa. Hutokea kwa wenye shinikizo kubwa la damu, baada ya kuanguka, ajali ya bodaboda, au kipigo. Mtoto anakosa hewa na mama anavuja damu kwa ndani. Hakuna cha kufanya nyumbani.

Kama chanzo ni kupigwa, mwambie muuguzi ukiwa naye peke yenu. Una haki ya kumwomba aliyekusindikiza atoke nje. Anahitaji kujua ili atibu sawasawa, na anaweza kukuelekeza kwenye msaada.

Mimba haizuii magonjwa mengine

Kidole tumbo kinaweza kuuma ukiwa na mimba, na kwa kuwa mji wa mimba unakisukuma, maumivu yanaweza kukaa juu kuliko kawaida: yanaanzia kitovuni, yanahamia kulia, hamu ya kula inapotea, unatapika. Mawe ya nyongo huuma kulia chini ya mbavu baada ya mlo wa mafuta. Malaria nayo huja na tumbo na kutapika, na kwa mjamzito si homa ya kupuuza. Pima kabla ya kumeza chochote.

Kuhusu dawa za maumivu na mikono ya watu

Parasetamoli ndiyo ya kuanzia: vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ukiihitaji zaidi ya siku moja au mbili, tatizo linahitaji kuangaliwa. Ibuprofeni na diklofenaki ziache, pamoja na vile vidonge vya mchanganyiko vyenye diklofenaki ndani, hasa baada ya wiki ya 20. Zinaweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto, na mwishoni mwa mimba zikaathiri mshipa karibu na moyo wake. Kitambaa cha maji ya vuguvugu kiunoni ni sawa.

Kukandwa tumbo ili mtoto ageuke, au ili chango litoke, nasema hapana. Nawaheshimu bibi zetu na najua wanafanya kwa upendo, ila mkono unaosukuma tumbo hauoni kondo liko wapi. Wakande mgongo na miguu, watatusaidia sana. Mizizi ya kuongeza uchungu nayo ni hapana: inaweza kukaza mji wa mimba kupita kiasi mpaka ukapasuka.

Ukifika kituo cha afya

Usafiri upangwe kabla. Weka kwenye simu namba ya dereva wa bajaji au bodaboda anayeitika usiku. Tanzania kuna mfumo wa usafiri wa dharura za uzazi wa m-mama, namba 115, bila malipo. Kliniki ijayo uliza unafanyaje kazi mtaani kwenu.

Chukua kadi ya kliniki. Sema mimba ina wiki ngapi, panapouma uoneshe kwa kidole kimoja, sema yalianza saa ngapi, yamekaa mahali pamoja au yamehama, mtoto amecheza mara ya mwisho lini, na umekula au kumeza nini tangu yaanze. Kama ulikunywa dawa ya kienyeji, itaje, na kama mabaki yake yapo kwenye chupa, njoo nayo. Ukigombezwa, vumilia dakika hiyo na uitaje hivyohivyo, maana daktari atachagua dawa kufuatana na ulichokunywa.

Ukiambiwa "ni kawaida" bila kupimwa shinikizo la damu na mkojo, omba upimwe. Na ukirudi nyumbani maumivu yakazidi, rudi tena.